Daftari la Prodyuza

Skripti ikimfikia, dada mmoja prodyuza wa filamu wa Kwa Mathias, Kibaha, huisoma kwanza kama hadithi, hadi mwisho, bila kalamu. Mara ya pili huja na kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya kila kinachokula fedha: pikipiki, sare ya polisi, mtoto mchanga, mbwa. Mwandishi ameweka maneno matatu tu, "Usiku, mvua inanyesha." Pembeni yake yeye anaandika: boza la maji, jenereta, taa za ziada, nguo za mhusika jozi mbili zinazofanana, mataulo, chai ya tangawizi. Sijapata kuona msomaji makini kuliko prodyuza anayepiga hesabu.

Kisha anaivunja hadithi. Watazamaji wataiona ikianzia uchumba na kuishia msibani, lakini kamera haina haja na mpangilio huo. Yeye hukata kwa nyumba, kama fundi cherehani anavyokata vipande vyote vya kitambaa kimoja kabla hajaanza kushona. Sini zote za sebuleni hupigwa siku moja, hata kama baina ya sini ya kwanza na ya mwisho pana miaka kumi ya ndoa. Katika daftari, kila siku ina ukurasa wake: namba za sini, wasanii, nguo, vifaa, saa ya kuripoti, nani atakuja na bodaboda na nani wa kufuatwa na gari. Sini za nje huwekwa asubuhi, kabla jua halijafika utosini na kutia vivuli machoni. Watoto hutangulia, kwa kuwa mtoto akishachoka hakuna mwongozaji wa kumbembeleza akafaulu. Sini ya kulia haiwekwi baada ya chakula cha mchana. Hilo la mwisho nililidhania mzaha, hadi nilipowaona wasanii walioshiba ubwabwa wakijaribu kuomboleza.

Mwigizaji Steven Kanumba wengi humkumbuka kwa sura na suti zake. Mimi humkumbuka kwa upande huu wa daftari. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapitia Kaole Sanaa Group na michezo ya runinga, akavuka mipaka kwa filamu kama Dar to Lagos, kisha akasimamisha kampuni yake, Kanumba The Great Film. Katika Uncle JJ na This Is It aliwapa watoto nafasi kubwa, jambo ambalo maprodyuza wengi hulikwepa kwa muda linaokula. Katika Devil Kingdom alicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria, na anayeijua kazi hii huona hesabu iliyo nyuma: nyota mgeni ana siku chache, hivyo sini zake hubanwa pamoja na wengine wote hupangwa kumzunguka. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Kwa umri huo, wengi kwenye fani bado hubeba waya.

Kibaha inawavuta watu wa filamu kwa sababu ina miembe, ua mpana na nyumba za kila hali, na Dar es Salaam haiko mbali. Adui ni sauti. Barabara ya Morogoro hailali. Malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na maiki haichagui. Kwa hiyo siku moja kabla ya kazi dada huyu huja kwenye nyumba iliyochaguliwa, saa ileile ambayo sini itapigwa, akaketi barazani na kufumba macho. Anasikiliza. Mashine ya kusaga, upande wa kushoto, huwashwa saa nne. Muziki wa saluni. Adhana. Wanafunzi wakitoka shule. Kila kimoja anakiandika na saa yake, na nafasi tupu zinazobaki katikati ndizo anazompa mwongozaji.

Baada ya hapo huanza kuamkia majirani. Kibali cha Bodi ya Filamu kimo kwenye faili, mwenyekiti wa mtaa ana taarifa, lakini karatasi haizimi mashine. "Shikamoo, mzee," anamwambia mwenye mashine, na wanazungumza bei ya mahindi na habari za nyumbani muda mrefu kabla filamu haijatajwa. Mzee anakubali kusimamisha kazi kwa nusu saa. Kesho yake, nusu saa hiyo inatosha sini ya baba na binti kupigwa mara tatu, na sekunde 30 zinabaki za kurekodi ukimya wa ua wenyewe, ambao mhariri atautumia kuziba mapengo ya sauti.

Jioni picha zinanakiliwa kwenye diski mbili. Moja inakwenda na mhariri, nyingine inalala kwake. Zamani safari ingeishia kwenye kava la DVD, sehemu ya kwanza na ya pili. Leo kuna Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, na wachache hufika mbali zaidi: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Hadithi yake ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Nawaza kalamu nyekundu ilivyopita kwenye skripti ile: kila dishi, kila waya, kila bango la simu.

Malipo yanaanza na mwenye mashine, kisha mama wa chakula, kisha wasanii. Yeye mwenyewe yumo mwisho wa orodha, na mara nyingi jina lake lina alama ya kuuliza. Anafungua ukurasa wa kesho, anafuta sini ya 23 na kuihamishia Alhamisi. Mtoto ana mtihani.