Saksafoni ya Plastiki na Hoja ya Shaba

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa jazi imeenea hadithi ya kwamba saksafoni za Selmer za namna iitwayo Mark VI, zilizoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1954 na kupigwa na mabingwa kama John Coltrane na Sonny Rollins, zilipata utamu wa sauti yake katika shaba ya maganda ya mizinga ya vita, iliyoyeyushwa na kufuliwa upya. Na kwa ajili ya hadithi hiyo, pamoja na nyingine zilizo jamaa zake, wako watu walio radhi kutoa mali nyingi kununua chombo kikuukuu kilichochubuka, wakakipita kipya kisicho na ila. Sisemi kwamba vyombo hivyo si vizuri, maana uzuri wake ni bayana kwa kila aliyevishika. Nisemalo ni kwamba hoja ya shaba ni dhaifu, na shahidi wa kuivunja yupo tangu mwaka 1950, naye ni saksafoni ambayo kiwiliwili chake hakikuwa na shaba hata kidogo.

Chombo hicho kiliitwa Grafton, kwa jina la njia ya Grafton Way mjini London, na aliyekibuni ni fundi Mtaliani aliyehamia Uingereza, Hector Sommaruga. Alichukua akriliki, plastiki ile ile iliyotumika kufunika vyumba vya marubani katika ndege za vita, akaimimina katika kalibu, ikatoka saksafoni ya alto nyeupe kama pembe ya ndovu, yenye vibonyezo vya rangi ya dhahabu. Bei yake ilikuwa gini 55, yaani pauni 57 na shilingi 15, nayo ilikuwa karibu nusu ya bei ya saksafoni njema ya shaba wakati huo. Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza ya kuchaguliwa kwake: aghalabu mpiga muziki huanza kukisikiliza kifuko chake kabla ya sikio lake.

Ama kuhusu sauti, yafaa tuulize ni kitu gani hasa kinacholia. Aliyepata kumtazama mpiga zumari wa pwani amekwisha kuona asili ya jambo hili, kwa kuwa zumari na saksafoni, ijapokuwa moja ni ya mti na nyingine ya madini, zote mbili ni mwanzi unaotetemeka katika ncha ya uwazi wenye umbo la pia, mwembamba juu na mpana chini. Kitetemekacho ndani ni hewa, na umbo la uwazi huo ndilo linaloiamuru hewa itetemeke namna gani. Ndiyo maana saksafoni, akiizidishia mtu nguvu ya pumzi, huruka hadi sauti ya nane, ilhali klarineti, ambayo upana wake wa ndani ni sawasawa kama bomba, huruka hadi ya kumi na mbili. Kuta hushiriki kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani, John Coltman, alijaribu filimbi za fedha, za shaba na za mti, zote za kipimo kimoja kwa ndani, na wasikilizaji wasioziona hawakuweza kuzipambanua. Filimbi si saksafoni, nakiri. Lakini elimu ya hewa iliyomo ndani ni moja.

Yako, hata hivyo, mambo ambayo plastiki iliyabadili kweli, nayo hayamo katika sauti bali katika mikono. Katika saksafoni ya shaba fundi huvilehemu vishikizo vya vibonyezo juu ya kiwiliwili, na kila kibonyezo hurudishwa mahali pake na kamani nyembamba ya chuma iliyonyooka kama sindano. Juu ya plastiki hakuna kulehemu, na Sommaruga akaziacha kamani za sindano, akatia za waya uliosokotwa mviringo. Kwa hiyo vidole vya mpigaji vilikuta ulaini wa namna ya sifongo pale vilipozoea wepesi na ukali. Kadhalika shaba ikibonyea hunyoshwa kwa nyundo na subira, lakini akriliki ikianguka hupasuka, na fundi aliyezoea shaba hana dawa yake.

Sasa na tumtazame mpiga saksafoni wa jazi, Charlie Parker, aliyekuwa na alto ya King Super 20, iliyotengenezwa Cleveland mwaka 1947, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington. Usiku wa tarehe 15 Mei 1953, katika ukumbi wa Massey Hall mjini Toronto, akiwa pamoja na Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach, hakuipiga King. Alipiga Grafton nyeupe. Husimuliwa kwamba chombo chake kilikuwa rehani, na ukiyajua maisha yake huoni ajabu. Ukumbi haukujaa, kwa sababu usiku huo huo Rocky Marciano alikuwa akipigana na Jersey Joe Walcott, na watu walitaka kujua matokeo ya ndondi. Lakini mashine ya kunasa sauti ilikuwapo, na sahani zikatoka, jina la Parker likifichwa kuwa Charlie Chan kwa ajili ya mkataba wake na kampuni nyingine. Nimezisikiliza mara nyingi nikiitafuta ile plastiki, na kila mara nimemkuta Parker: ule ukali wa kuanzia sauti, zile sentensi ndefu zinazopinda pale usipotazamia na kurudi nyumbani kwa wakati wake, na ule ukavu wenye majonzi ya bluzi. Mdomo wa saksafoni huchomolewa ukahamishwa kutoka chombo hadi chombo, na koo, mapafu na midomo ya mwenyewe haviwekwi rehani. Chombo chenyewe, yaani ile Grafton, kilinadiwa London mwaka 1994 kwa pauni 93,500, kikanunuliwa kwa ajili ya Kansas City, mji aliokulia Parker, na huko kipo hata sasa katika jumba la makumbusho la jazi.

Katika upande wa muziki wa roki niseme kwa ufupi tu kwamba kijana wa Bromley aliyekuja kujulikana kwa jina la David Bowie alianza na Grafton nyeupe.

Tukirudi kwenye jazi, mpiga saksafoni Ornette Coleman ndiye aliyeifanya plastiki kuwa alama yake. Aliinunua Grafton yake Los Angeles mwaka 1954, akihitaji chombo na fedha zikiwa haba, na mwanzoni hakuipenda. Baadaye alisema kwamba aliikuta sauti yake kavu, isiyo na ule mlio wa madini. Akaja nayo New York katika klabu ya Five Spot mnamo Novemba 1959, na waliokasirika na waliofurahi walibishana juu ya chombo kama walivyobishana juu ya muziki, kana kwamba ile hali ya kulia kama mwanadamu, akiinama juu ya sauti na kuivuta isikae katika kipimo cha kinanda, ilitoka katika kalibu ya London. Katika miaka ya 1960 Grafton zilikoma kutengenezwa, na mitambo yake ikavunjwa. Coleman akahamia Selmer ya shaba iliyopakwa rangi nyeupe, na katika rekodi za miaka iliyofuata kile kilio kimebaki vile vile.