Maswali Elfu Moja kwa Udongo

Kwenye nyanda za juu za Ufipa bado yapo mabaki ya matanuri ya udongo ambayo Wafipa huyaita malungu. Yalijengwa kwa ajili ya kuyeyushia mawe ya chuma. Tanuri moja lilifikia kimo cha mita 3 hivi, na chini yake lilizungukwa na matundu yaliyotiwa mirija ya udongo. Hakuna aliyevukuta. Hewa ya moto ilipanda juu, nyuma yake hewa baridi ikavutwa kupitia mirija, na moto ukajiendesha wenyewe usiku na mchana. Bonge la chuma lililopatikana lilihamishiwa kwenye tanuri dogo, kintengwe. Huko ndiko mivukuto ilikotumika kulisafisha, mpaka likafaa kufuliwa jembe.

Profesa Bertram Mapunda wa Tanzania na Randi Barndon wa Norway wameichunguza kazi hii kwa miaka mingi. Wengi wetu tukisoma habari zake macho yetu hukimbilia chuma. Mimi naomba tuutazame ukuta.

Kupata chuma kwa njia hii kunahitaji joto la nyuzi 1,200 hivi. Kwa joto hilo udongo mwingi hupasuka, hulegea au huyeyuka. Mafundi wa Ufipa walitumia udongo wa kichuguu, ambao mchwa wamekwisha kuuchambua chembe kwa chembe, ukawa laini na wenye kushikana. Mkemia wa leo atasema kwamba udongo wenye alumina nyingi huvumilia moto, na wenye chokaa, potashi au kutu ya chuma huyeyuka mapema. Mfinyanzi ataongeza kwamba udongo mtupu hupasuka ukikauka, hivyo hutiwa mchanga au vigae vilivyosagwa. Kiasi gani? Hapo ndipo ufundi ulipo, na jibu lake halipatikani ila kwa kujaribu.

Swali hilohilo ndilo linalowashughulisha wanasayansi wa kauri duniani kote. Kauri si vyungu na vikombe peke yake. Sehemu nyeupe ya plagi ya gari ni kauri ya alumina, na ndani ya simu yako mna kapasita ndogo sana za kauri kwa mamia. Mwaka 1986, huko Uswisi, Georg Bednorz na Alex Müller waligundua kauri ya shaba, bariamu na lanthanamu inayopitisha umeme bila upinzani wowote katika baridi kali. Mwaka uliofuata wakapewa Tuzo ya Nobel. Kauri nyingine za namna hiyo huenda zipo na hakuna aliyewahi kuzichanganya.

Ugumu uko katika hesabu. Chukua oksaidi 5 za aina ya alumina na uzichanganye kwa hatua za asilimia 10. Utapata michanganyiko 1,001. Punguza hatua ziwe za asilimia 5, utapata 10,626. Fundi anayechoma mmoja kila siku bila kupumzika atahitaji miaka 29. Na hapo hatujagusa joto la kuchomea wala muda wa kukaa motoni, ingawa kila kimoja hubadilisha matokeo.

Mwaka 1995 watafiti wa Berkeley, Marekani, walitandaza michanganyiko 128 ya oksaidi za shaba juu ya bamba moja dogo, wakaipima yote. Miaka kumi baadaye Julian Evans na wenzake wa London wakaeleza roboti yao ya kauri. Poda za oksaidi zimefanywa wino. Mashine ya kuchapa, badala ya kuweka rangi kwenye karatasi, hudondosha matone ya wino huu na ule, kila doa na kipimo chake. Madoa hukauka, mkono wa roboti huyaingiza tanuruni, huyatoa, kisha huyapeleka yakapimwe sifa zake za umeme.

Ukisikia hivyo utadhani kazi imekwisha. Kwangu mimi, hapo ndipo inapoanza kupendeza. Poda ya oksaidi ni nzito na hupenda kutuama. Ikituama ndani ya chupa, tone la asubuhi na la jioni huwa si wino mmoja. Basi husagwa mpaka ikawa laini kabisa, na hutiwa kemikali ya kuzuia chembe zisigandane. Tone nalo likikauka huzisukuma chembe pembeni, kama chai iliyomwagika mezani inavyoacha duara. Katika wino wa mchanganyiko, chembe za oksaidi moja zikikimbilia ukingoni na za nyingine zikabaki katikati, roboti itapima kitu ambacho hakimo kwenye orodha yake. Watafiti walikaa na tatizo hili la tone linalokauka kwa uvumilivu mkubwa, kwa sababu walijua kwamba kasi juu ya kipimo kibovu huzaa makosa kwa kasi. Kauri huungana ikiwa bado yabisi, atomi zikihama kutoka chembe hadi chembe. Zisipokaa karibu tangu mwanzo, moto hautazikutanisha.

Lipo na suala la jicho. Mwaka 2023 maabara ya roboti ya Berkeley ilitangaza kwamba kwa siku 17 ilikuwa imetengeneza misombo mipya 41 kati ya 58 iliyokusudiwa. Wanakemia wengine waliyapitia matokeo ya eksirei wakasema mashine ilikuwa imeyasoma vibaya, na kwamba misombo mingi ilikuwa imekwisha kujulikana. Mikono ya roboti ilifanya kazi yake. Kusoma kilichotoka motoni ndiko kulikohitaji fundi.

Roboti ina fadhila moja kubwa kuliko kasi, nayo ni kuandika kila kitu, hata kilichoharibika. Mafundi wa malungu walijua mengi, lakini kwa sehemu kubwa majaribio yao yalituachia lundo la mavi ya chuma na kuta zilizobomoka. Hatuna daftari la udongo walioukataa na sababu ya kuukataa.

Daftari hilo linaweza kuanza sasa, bila roboti. Nawaomba walimu wa kemia wa huko Ufipa, yaani Sumbawanga, Nkansi na Kalambo, wachukue udongo wa kichuguu, mchanga na vigae vilivyosagwa, wavichanganye kwa uzito kwa hatua za asilimia 10. Michanganyiko ni 66. Wanafunzi wafinyange vipande vya ukubwa mmoja, kila kimoja na namba yake, wavikaushe kivulini, wavichome katika tanuri la matofali, kisha wapime kilichopasuka, kilichopinda na kilichosimama imara. Hata kile kinachobomoka mkononi kabla ya moto kiandikwe. Nakala ipelekwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ambako sayansi ya nyenzo inafundishwa, na nyingine ibaki shuleni, ili darasa la mwakani lianzie pale waliposimama.