Filamu Nzuri ya Difu Iliyosahau Tope

Kama umewahi kutafuta mtandaoni jinsi difu inavyofanya kazi, huenda umeshakutana na "Around the Corner", filamu fupi ya mwaka 1937 iliyotengenezwa na Jam Handy kwa ajili ya Chevrolet. Wengi husema hakuna maelezo mazuri kuliko haya. Mimi pia naisifu, ila kuna kitu kinanikera.

Uzuri wake ni mpangilio. Inaanza na pikipiki zilizojipanga safu moja zikikata kona: wa nje lazima akimbie zaidi. Halafu vinaletwa vijiti, vinaongezwa kidogo kidogo mpaka vinageuka gia zenye meno. Hakuna fomula hata moja, na bado unaelewa.

Tatizo liko kwenye onyesho lenyewe. Gurudumu moja linasimamishwa, lingine linaendelea kuzunguka, na hiyo ndiyo sifa ya difu. Kwenye kona, sawa. Kwenye tope, sifa hiyo hiyo ndiyo inayokukwamisha. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kushoto na kulia. Tairi lililo topeni huzunguka kwa nguvu kidogo tu, basi na la pakavu linapata hiyo hiyo kidogo. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, likiwa na difu tatu za aina hii, linaweza kukwamishwa na tairi moja tu.

Ndiyo maana zikaja difu za kupunguza mtelezo. Chukua Subaru Forester nyingi za gia za mkono. Kwenye difu ya katikati kuna kopo lililofungwa, lenye sahani nyembamba nyingi ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikipishana kasi, sahani zinayakoroga mafuta, mafuta yanaleta upinzani, na upande usioteleza unapata nguvu zaidi. Gharama yake ni joto.

Hapa sasa ndipo ukimya wa filamu unapomuumiza mtu. Umenunua tairi mbili mpya za mbele, za nyuma umeziacha zilivyolika. Tairi la kipenyo cha sentimita 68 likipoteza milimita 6 za kashata, kwa hesabu ya karatasi linazunguka kama mara 8 zaidi kila kilomita. Kopo "linadhani" unateleza safari nzima, hata kwenye lami kavu. Mafuta yanapata moto na kuchakaa. Yakipoteza uzito, tope linakushinda; yakiwa mazito kupita kiasi, gari linashtuka na kuburuza tairi ukikata kona kali wakati wa kuegesha.

Kwa hiyo itazame filamu, inafaa. Ila ikiisha, jiulize swali ambalo haikuuliza: tairi moja likiteleza, je? Na kwa gari la aina hii, weka tairi nne za saizi moja, zilizolika sawa.