Sauti ya Kiongozi na Ukimya wa Wafu: Uhakiki wa Usimulizi katika Filamu za Hali Halisi kuhusu Jonestown na Waco

Tarehe 18 Novemba 1978, watu 909 walikufa katika makazi ya Jonestown, kaskazini-magharibi mwa Guyana, karibu wote kwa sumu ya sianidi. Siku hiyohiyo watu watano waliuawa kwa risasi katika uwanja mdogo wa ndege wa Port Kaituma, akiwamo Leo Ryan, mbunge wa Marekani aliyekuwa amekwenda kuchunguza hali ya wakazi. Wengine wanne walikufa mjini Georgetown. Jumla yao ni 918. Karibu theluthi moja ya waliokufa Jonestown walikuwa watoto. Takwimu hizi hazina utata. Utata umo katika kitenzi. Je, watu hawa walijiua au waliuawa? Uhakiki huu unaichunguza filamu ya Stanley Nelson, Jonestown: The Life and Death of Peoples Temple (2006), na kuilinganisha na Waco: The Rules of Engagement ya William Gazecki (1997). Hoja inayotetewa ni kwamba filamu ya aina hii hulijibu swali la kitenzi hata pale inapodhamiria kuliacha wazi, na kwamba jibu lake hutegemea ni sauti ya nani iliyokabidhiwa usimulizi saa ya kifo inapofika.

Istilahi zinahitaji kutazamwa kwanza, kwa kuwa Kiswahili chetu kina hukumu yake ndani ya neno. Vyombo vya habari vimezoea kuyaita makundi ya namna hii “madhehebu potofu.” Kivumishi hicho kinashughulikia mafundisho: kinadai kwamba kasoro ilikuwa katika imani, na kwamba mwenye imani iliyonyooka yuko salama. Filamu ya Nelson inalipinga dai hilo mapema kabisa. Mmoja wa manusura anaeleza mwanzoni kwamba hakuna mtu anayejiunga na kundi la maangamizi. Mtu hujiunga na jumuiya ya dini au harakati ya kisiasa, akiwa na watu anaowapenda. Kwa sababu hiyo uhakiki huu unatumia “kundi la kidini” bila kivumishi, na kuyaacha matendo ya kundi yajieleze.

Kisimulizi, filamu inakabiliwa na tatizo ambalo mwandishi wa tanzia analijua vyema. Mtazamaji anaufahamu mwisho kabla hajaketi. Taharuki ya “nini kitatokea” haipo; iliyobaki ni taharuki ya “ilikuwaje.” Nelson anaanza na vifo, kisha kwa kisengerenyuma kirefu anaturudisha Indiana, alikozaliwa Jim Jones, na Indianapolis ya miaka ya 1950, alikoanzisha kanisa lililowaketisha Weusi na Weupe pamoja wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra. Tunalifuata kundi hadi California mwaka 1965, kisha hadi San Francisco, ambako Jones alipata uzito wa kisiasa kiasi cha kupewa uongozi wa mamlaka ya nyumba ya jiji hilo. Filamu haina msimulizi wa nje. Inajengwa kwa mahojiano, picha za zamani na kanda za sauti, na manusura wanakamilishana sentensi bila kuonana.

Uamuzi huo wa kutokuwa na msimulizi ndio nguvu kubwa ya nusu ya kwanza. Laiti kungekuwa na sauti ya mtaalamu juu ya picha, ingetueleza kwamba hawa walikuwa watu waliopotoshwa. Badala yake tunawasikia wakizisimulia nyimbo, mabasi ya safari, vyakula vilivyopikwa kwa pamoja, wazee waliotunzwa. Wengi wa waliokufa walikuwa Wamarekani Weusi, na wanawake Weusi ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko lote. Kwao hekalu hili lilikuwa jibu la swali halisi kuhusu nchi yao. Filamu inatutaka tuuone uzuri huo bila kuomba radhi, na inafaulu. Hata inapofichua uponyaji wa kuigiza, haiwacheki walioamini.

Nusu ya pili inahamia Guyana, na hapa filamu inatoa onyesho ambalo, kwa maoni ya mhakiki huyu, ni bora kuliko mengine yote. Ni jioni ya tarehe 17 Novemba. Kamera ya televisheni ya NBC iko ukumbini. Bendi inapiga, watu wanacheza. Ryan anashika maikrofoni na kusema kwamba wapo miongoni mwao wanaoamini kuwa hapa ndipo walipopata jambo jema kuliko yote maishani mwao. Makofi yanalipuka na hayakomi. Mtazamaji anayasubiri yaishe, nayo yanaendelea. Je, ni furaha au ni hofu? Kamera haiwezi kutofautisha. Usiku huohuo mkazi mmoja alimpenyezea mwandishi wa habari kipande cha karatasi cha kuomba msaada wa kuondoka. Tunapoisikia habari ya karatasi hiyo, makofi yale yanabadilika masikioni mwetu, ingawa kanda ni ileile. Mpigapicha aliyerekodi jioni ile aliuawa kesho yake uwanjani, kamera ikiwa mkononi.

Onyesho hilo linamfundisha mtazamaji kutoiamini sauti ya umati. Tatizo ni kwamba filamu yenyewe inalisahau somo hilo dakika chache baadaye. Ushahidi mkuu wa saa ya mwisho ni kanda ya sauti iliyookotwa na kuhifadhiwa na FBI kwa alama Q042, yenye urefu wa takriban dakika 45. Nelson anaitumia kama uti wa mgongo wa sehemu ya mwisho: Jones anahutubia, watoto wanalia, watu wanashangilia, na manusura wanaingia katikati ya kanda hiyo na kutoka. Ni sauti inayotisha, na hakuna mwongozaji ambaye angeiacha. Lakini kanda hii si sikio lisilo na upande. Ilirekodiwa na kundi lenyewe, kwa ajili ya historia ambayo kiongozi alitaka iandikwe, na ilisimamishwa na kuendelezwa mara kadhaa wakati wa kurekodiwa. Inayasikia vizuri maneno ya walio karibu na maikrofoni. Haiwasikii walinzi wenye silaha waliouzunguka ukumbi, wala mabomba ya sindano yaliyotumika kuwanywesha watoto wadogo, ambao walitangulizwa.

Ndani ya kanda hiyo mna mwanamke mmoja, Christine Miller, aliyesimama akabishana. Alimkumbusha Jones mpango uliokuwa umezungumzwa wa kuhamia Umoja wa Kisovyeti, akauliza kwa nini usifuatwe. Akasema kuwa palipo na uhai pana matumaini, na kwamba watoto wanastahili kuishi. Jones alimjibu kwa upole wa mhubiri. Umati ndio uliomzima. Kwa msomaji wa fasihi, huyu ni mhusika mkinzani kwa maana kamili ya neno, na hoja zake hazijibiwi hadi mwisho wa kanda. Hata hivyo filamu, ambayo imempa Jones utoto, wazazi na jirani, haimpi Miller wasifu wowote. Anapita kama sauti tu. Hatuambiwi alitoka wapi, wala ni nini kilichompa mwanamke huyu uthubutu ambao mamia waliomzunguka hawakuwa nao, au walikuwa nao wasipate maikrofoni.

Haki inataka isemwe kwamba Nelson analitafuta jibu la kitenzi mahali pengine. Manusura aliyeshuhudia kifo cha mke na mtoto wake anakataa katakata, mbele ya kamera, lugha ya heshima ambayo Jones aliitumia; kwake yale yalikuwa machinjo. Jones aliyaita “kujiua kwa kimapinduzi,” maneno aliyoyachukua kwa Huey Newton wa chama cha Black Panther na kuyapindua, kwani Newton alikusudia kupigana na dhuluma hata kwa kuhatarisha uhai, si kunywa sumu. Ushahidi wa manusura huyo unauma kuliko chochote katika filamu. Lakini ni mmoja, na unafuata dakika nyingi ambamo mfuatano wa matukio umepangwa na sauti ya muuaji. Mtazamaji anatoka na maneno mawili yanayopingana, na lile la Jones limesikika kwa muda mrefu zaidi.

Filamu ya Gazecki inakwenda kinyume. Kuzingirwa kwa Wadavidi wa David Koresh katika makazi ya Mount Carmel, karibu na Waco, Texas, kulidumu siku 51, kuanzia tarehe 28 Februari hadi 19 Aprili 1993, na siku ya mwisho watu 76 walikufa katika moto, wakiwamo watoto. Hapa msimulizi anayetiliwa shaka ni dola. Gazecki anatumia vikao vya Bunge la Marekani vya mwaka 1995 na picha za joto zilizopigwa na ndege ya FBI, akidai kuwa miale inayoonekana ni ya risasi za maofisa. Uchunguzi ulioongozwa na John Danforth ulikataa dai hilo mwaka 2000. Lakini thamani ya filamu haitegemei miale. Iko katika kanda za video ambazo waumini walijirekodi wakati wa kuzingirwa: mama na watoto wake, mzee anayeeleza kwa nini hataki kutoka, wote kwa sauti zao, wakiwa hai. Udhaifu wake ni kwamba, katika kuikimbilia kesi dhidi ya serikali, inamsamehe Koresh mambo ambayo haikupaswa kuyasamehe, hasa mwenendo wake kwa wasichana wadogo.

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, suala la kitenzi si la nadharia. Moto wa Kanungu, Uganda, wa tarehe 17 Machi 2000, ulitangazwa kwanza kuwa kujiua kwa pamoja. Makaburi yalipofukuliwa katika makazi mengine ya kundi hilo, polisi walianza kuzungumzia mauaji. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu Aprili 2023. Upasuaji ulionyesha njaa, na katika baadhi ya miili, watoto wakiwamo, dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Paul Mackenzie amekana mashtaka. Mwezi Juni mwaka huohuo, watu 65 waliookolewa msituni walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, na kushtakiwa kwa kujaribu kujiua baada ya kugoma kula. Neno lilelile ambalo filamu hulitamka kwa urahisi liliandikwa kwenye hati ya mashtaka dhidi ya manusura.

Yeyote atakayetengeneza filamu ya Shakahola atakuta hazina iliyoegemea upande mmoja kuliko ile ya Jonestown. Mahubiri ya kiongozi, kwa Kiswahili, yalirushwa kwa televisheni na kusambazwa mtandaoni kwa miaka. Saa nyingi za sauti moja. Wafu hawakuacha kanda. Sauti zao, kama zipo, ziko katika simu walizowapigia ndugu na katika kumbukumbu za majirani waliowaona wakiuza shamba na kuondoka. Kuzikusanya ni kazi ya polepole, isiyo na picha za kuvutia, na kituo cha televisheni chenye muda wa wiki mbili kitaona ni rahisi zaidi kuyacheza mahubiri.

Mwaka 2011, miaka mitano baada ya filamu ya Nelson, mabamba manne ya mawe yaliwekwa katika makaburi ya Evergreen, Oakland, walikozikwa zaidi ya watu 400 wa Jonestown ambao miili yao haikudaiwa au kutambuliwa. Mabamba hayo yana majina ya wote 918, kwa mpangilio wa alfabeti, la Jim Jones likiwa miongoni mwao. Baadhi ya jamaa walipinga. La Christine Miller nalo limo.