Mchezo wa Sekunde Chache

Mwaka 2004 kampuni ya Nintendo ilitoa huko Japani mchezo uitwao WarioWare: Touched!, wa kuchezwa katika mashine ndogo ya mkononi yenye vioo viwili, cha chini kikiguswa kwa kalamu ya plastiki. Ndani yake mna michezo midogo zaidi ya 180, na kila mmoja hudumu sekunde chache tu. Amri fupi yatokea: kata, sugua, zungusha, hata puliza! Kabla hujapumua, mwingine umefika.

Ni upuuzi mtupu, nami nausifu, kwa maana kufahamu unachotakiwa kufanya ndiyo shabaha yenyewe. Lakini ukishaufahamu kila mmoja, akili yapumzika, na mkono peke yake waendelea kukimbia.

Wewe msomaji wa Migori au Homa Bay, utazame mchezo wa ajua. Hapo huchoti mbegu kabla ya kuhesabu zitakomea shimo lipi, na mwenzako aweza kukungoja. Ajua haichakai upesi hivyo. Ila sijapata kumwona mtu akiangua kicheko peke yake mbele ya mbegu zake.