Kukataa kwa Wendla: Tamthilia ya Wedekind katika Kiingereza

Frühlings Erwachen ya Frank Wedekind ilichapishwa mwaka 1891, nayo ikasubiri miaka 15 kabla ya Max Reinhardt kuionesha Berlin. Mgogoro wake umejengwa juu ya ukimya: Wendla anamsihi mama yake amweleze watoto hutoka wapi, mama anakwepa, na hatimaye msichana anakufa kwa dawa za kutoa mimba huku akiambiwa anaugua upungufu wa damu.

Toleo la muziki la Steven Sater na Duncan Sheik, lililofika Broadway mwaka 2006, linakigeuza kiini hicho. Kwa Wedekind, katika dari la nyasi kavu, Wendla anamkataza Melchior, naye hasikii. Kwa Sater, msichana hatimaye anaridhia. Jonathan Franzen alilishambulia toleo hilo katika utangulizi wa tafsiri yake ya mwaka 2007. Lugha yake ina kiburi, lakini katika hoja hii ni vigumu kumpinga. Melchior aliyesafishwa ni shujaa wa nyimbo. Yule wa Wedekind ni kijana mwerevu aliyeusoma mwili wote asimsome mwenziwe. Edward Bond, ambaye tafsiri yake ilioneshwa London mwaka 1974, hakuuogopa ukatili huo.

Suala hili linamgusa mtafsiri wa Kiswahili atakayemfikia Wedekind kupitia Kiingereza. Akiishika matini ya Sater akidhani ni tafsiri, atawaletea wasomaji Wendla aliyekwisha kukubali. Wafadhili wa tafsiri hawana budi kudai matini chanzi itajwe kabla kazi haijaanza.