Sauti ya Chembeu

Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, mashua utazisikia kabla hujaziona. Asubuhi nyundo zinagonga pwani, pembeni mwa hoteli, na watalii wanapita wakipiga picha. Nilikaa siku tatu chini ya banda moja la makuti, ambapo fundi mzee na mwanawe walikuwa wanaimaliza mashua ya kama dhiraa ishirini. Banda lilikuwa la babu yake kijana. Kijana mwenyewe aliwahi kuliacha, akatembeza wageni kwa miaka kadhaa, kisha akarudi. Sababu hakunieleza, nami sikumchimba.

Wamemweka kwenye kalafati, kazi ya kila anayeanza. Anasokota pamba iliyolowa mafuta mpaka iwe uzi mnene, anaulaza kwenye ufa baina ya mbao na mbao, halafu anaushindilia kwa chembeu, ile patasi butu isiyokata kitu. Ukitazama tu, utaona mtu anagonga. Sikiliza. Mapigo ya kwanza yana mvumo, kama unabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Pamba inavyozidi kuzama, mlio unafupika, mpaka inabaki “ta!” moja kavu. Ukiacha mapema, bahari itaingia. Ukizidisha, mbao zinasukumana na misumari inalegea.

“Imekaa, baba?”

“Bado. Hiyo inavuma.”

Mzee hakugeuza hata shingo. Alikuwa dhiraa sita mbali naye, anachonga taruma, ubavu wa chombo, kwa tezo, gogo kalibana kwa nyayo tupu na ule ubapa unashuka kuelekea vidole vyake. Vidole vyote kumi anavyo, nilihesabu. Vibanzi vilivyotoka vilikuwa vyembamba, unaweza kuona mwanga kupitia.

Taruma ndilo somo gumu. Hakuna mchoro bandani, wala karatasi. Nje kuna lundo la matawi yaliyopinda ambalo mpita njia angelidhania kuni, na kila tawi lina ubavu wake ndani ya chombo. Tawi halipindwi kwa nguvu. Linatafutwa lililokwisha kupinda hivyo lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo na taruma lisivunjike wimbi likipiga. Siku ya pili mzee alimtuma kijana achague moja la kuelekea omo, mbele ya chombo. Akaleta. Mzee akaligeuza, akalirudisha mchangani bila neno. Akaleta jingine, nalo likarudi. La tatu mzee alilibandika ubavuni, akatia alama kwa penseli, akashika tezo. Sifa haikutolewa.

Kijana naye ameleta vyake. Keekee ya babu, pamoja na uta wake, inaning'inia kwenye nguzo. Yeye anatoboa kwa mashine ya umeme inayotumia jenereta. Mzee aliweka masharti mawili: tundu liwe jembamba kuliko msumari, na shingo ya msumari izungushiwe pamba yenye mafuta kabla haujapigwa. Wapo watakaosikitika. Mimi simo. Mitepe, vyombo vya kale vya Lamu, ilishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, na msumari ulipoingia ufundi haukufa. Huko huko Lamu, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelewa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Kinachonitia hofu ni mbao, ambazo bei yake inapanda, na boti za faiba, ambazo hazihitaji mtu wa kusikiliza chochote.

Mashua ilipakwa deheni ya shahamu na chokaa, ikangoja bamvua. Nilirudi siku ya kuishua. Watu walijipanga pande zote mbili, mmoja akaanzisha wimbo, ikateleza juu ya magogo hadi majini. Mbao kavu huvuja mpaka zinywe maji na kuvimba, kwa hiyo kijana alilala ndani usiku ule, akifua ngama kwa kopo. Alfajiri mzee alikwenda kwa miguu, maji yakimfika kiunoni, akauliza ametoa kiasi gani.

“Ndoo mbili, baba.”

Mzee akapanda, akapapasa chini kwa mkono, akaagiza waletewe chai.